Gereji Isigeuke Stoo

Ndugu zangu, hii nilitumiwa asubuhi maji ya chai yakiwa bado hayajachemka, na mpaka yanakaukia birikani nilikuwa sijaweka simu chini. Isomeni taratibu. Ukifika mwisho utajua mwenyewe ni ndugu yako yupi wa kumtumia.

Pale Njombe palikuwa na mzee mmoja akiitwa Yotam Nyagawa. Ujanani alikuwa mwamuzi wa mpira, akachezesha mechi za wilaya kwa zaidi ya miaka ishirini, na sifa yake kubwa ilikuwa moja: hakuwahi kubatilisha uamuzi. Akipuliza penalti, ni penalti. Siku moja mashabiki walimkimbiza mpaka kwenye mashamba ya viazi wakitaka abadilishe goli, naye akawajibu huku anakimbia kwamba kipenga kimeshalia.

Alipozeeka, mtaa mzima ukamfanya ndiye wa kuamua mambo. Mpaka wa shamba, mbuzi aliyekula mboga za jirani, nani akae meza ya mbele harusini, vyote vilipelekwa kwa Mzee Yotam. Hakuna aliyewahi kusema anapendelea. Jambo hilo lilimpendeza sana, wala hakulificha.

Kaka yake mkubwa, Lameck, alikuwa fundi seremala. Hakuwa na karakana barabarani kama mafundi wengine. Yeye alifanyia kazi katika gereji ya nyumbani, chumba cha matofali kilichojengwa ubavuni mwa nyumba kwa ajili ya gari. Gari lenyewe, pikapu kuukuu, lililala nje kwenye mvua na ukungu mpaka likaoza, kwa sababu ndani alikuwa Lameck na mbao zake. Mkewe alilalamika miaka mingi, mwishowe akaanza kumpelekea chai humohumo.

Lameck alipougua, na ugonjwa ulipomfikisha mahali pa kutoinuka, akamwita mdogo wake kitandani.

"Yotam," alisema, "gereji isigeuke stoo."

"Haitageuka, kaka."

"Umesema."

"Nimesema."

Baada ya siku nne wakamzika.

Arobaini ilipotimia, ukoo ulikaa kugawa vitu vya marehemu. Nyumba na shamba vilikuwa vya mjane, Mama Vaileth, na hilo hakuna aliyeligusa. Nguo ziligawiwa upesi. Kazi ikawa kwenye vifaa vya useremala, maana Lameck alikuwa mtu wa watu, na kila mmoja alitaka kuondoka na kitu ambacho mkono wake ulikishika.

Yotam akasimama, akagawa kama alivyokuwa akichezesha mpira, bila kutazama uso wa mtu. Msumeno ulikwenda kwa binamu yao Asheri, mwenye bucha. Patasi ilikwenda kwa dada yao Eliza. Jiriwa, kile chuma kizito cha kubania mbao zisicheze, lilikwenda kwa Mjomba Tito, kaka wa mjane. Nyundo ilibaki na mjane mwenyewe. Yotam alichukua wa mwisho, baada ya wote, asije akasemwa. Kilichokuwa kimebaki kilikuwa randa la mbao la kizamani, la kulainishia ubao, lenye jino la chuma lililokazwa katikati kwa kabari. Lameck alilichonga mwenyewe alipokuwa kijana.

Palikuwa pia na meza ya kazi. Wanaume sita walijaribu kuitoa, ikagoma mlangoni. Lameck aliiundia ndani na ilikuwa pana kuliko mlango, basi wakaiacha palepale.

"Na Vaileth je?" mtu mmoja aliuliza.

Vaileth alikuwa mtoto pekee wa marehemu. Hakuwepo siku hiyo. Alikuwa chuo cha ufundi, mbali, akisomea useremala. Wote walijua anasomea useremala. Lakini vichwani mwao walimwona akimaliza masomo na kukaa ofisini kwenye kiti alichotengeneza mtu mwingine.

"Vaileth ana elimu," Yotam aliamua. "Elimu ndiyo urithi wake. Tumpe futi ya baba yake, awe anamkumbuka."

Watu wakapiga makofi. Kila mtu alikuwa amepata, na hakuna aliyepata zaidi ya mwenzake. Walikunywa ulanzi, ile pombe ya mianzi, wakasifu, wakaenda zao. Yotam alilala usingizi mzuri usiku ule, na wewe uliyewahi kugawa vitu vya ukoo bila ugomvi unajua utamu wa usingizi wa namna hiyo.

Randa alilitundika sebuleni kwake, juu ya redio, karibu na picha yake akiwa na jezi nyeusi ya uamuzi. Lilipoanza kupauka kwa baridi na unyevu wa Njombe, akanunua kopo la vanishi akalipaka. Likang'aa. Kila Krismasi akalipaka mkono mmoja, na kila Pasaka mwingine. Wageni walioingia walisema, "Hilo randa la Lameck? Kweli mzee umemheshimu ndugu yako." Yotam aliwaongezea chai kwa unyenyekevu.

Ikapita miaka miwili. Mwanzoni mwa mwezi wa tano, Vaileth akarudi nyumbani na cheti.

Kesho yake tu alifungua gereji. Ilikuwa imejaa magunia ya viazi vya mbegu, matenga, na baiskeli isiyo na magurudumu. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa mabati. Mama yake alimkuta akivuta magunia nje, akamwambia ukweli bila kuuzungusha.

"Mwanangu, kuna mfanyabiashara wa saruji anaitaka gereji aikodi. Nimeshaongea naye. Mwisho wa mwezi anakuja na lori lake. Mimi ni mjane, na kumbukumbu hainunui chumvi."

"Nipe mpaka hiyo siku ya lori, mama."

"Ukifika mwisho wa mwezi gereji haijatoa hata kigoda, nampa ufunguo."

"Sawa, mama."

Vaileth hakuwa mtu wa maneno mengi, ila mkono wake haukutulia. Aling'oa mabati dirishani mwanga ukaingia. Alipaka kuta chokaa ili chumba kiwe cheupe, kwa maana fundi asiyeona mstari wake anakata kidole. Alivuta waya wa taa mpaka juu ya meza. Alipanga rafu za mbao chakavu, za misumari mahali pake na za gundi mahali pake. Meza ya kazi ya baba ilikuwa juu mno kwake; chuoni alifundishwa kwamba meza inapaswa kumfikia fundi usawa wa ngumi, mikono ikining'inia, na hii ilimfikia juu ya kiuno. Hakukata miguu ya meza. Aliunganisha mbao za kreti akatengeneza jukwaa dogo la kusimamia, akapanda, akapima kwa ngumi, akacheka peke yake.

Misumari yote hiyo aliipiga kwa nyundo ya baba yake, aliyoiazima kwa mama asubuhi na kuirudisha jioni. Mama alikuwa akiiweka chini ya kitanda kwa ajili ya vibaka, na saa kumi na mbili ikifika aliidai.

Wiki ya mwisho ya mwezi Mzee Yotam akaja kutazama. Alisimama mlangoni, akaona chumba cheupe, taa, rafu, meza iliyofutwa vumbi. Moyo wake ukajaa. Alijiona ametimiza neno alilompa kaka yake, ingawa ukweli ni kwamba hakuwa amebeba hata gunia moja.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hapa sasa ni karakana hasa. Umebakiza nini?"

"Vifaa."

Yotam akaangalia ukuta, akaangalia meza. Juu ya meza palikuwa na penseli moja na futi.

"Vya chuo tuliviacha chuoni," Vaileth alisema. "Vipya siviwezi kwa sasa. Nilidhani nitavikuta vya baba."

Alisema bila lawama, kama mtu anayeeleza kwamba mvua imenyesha. Ingekuwa lawama Yotam angejitetea, na kujitetea alikuwa anakuweza. Sasa alikosa pa kushika. Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya siku ile ya makofi. Alikuwa ameigawa gereji ya kaka yake vipande vipande, kwa haki kabisa, na kila kipande kikaenda kufa nyumbani kwake.

"Niachie mimi," alisema. "Wote hao ni ndugu. Nitakwenda niwaombe warudishe."

Alianza kwa Asheri, kule bucha. Alimkuta anakata mfupa wa paja kwa msumeno wa Lameck.

"Kamwene, Asheri."

"Kamwene, mzee. Nikukatie nusu?"

Yotam akaeleza shida yake. Asheri akasikiliza, akafuta mikono kwenye koti lake jeupe ambalo weupe wake ulibaki jina.

"Mzee, msumeno huu umeshazoea mifupa. Nikiurudisha, supu ya asubuhi nitaikatia nini? Halafu si wewe mwenyewe uliyenipa, mbele ya ukoo mzima? Kipenga kimeshalia, mzee."

Akaenda kwa dada yake. Eliza alikuwa amekaa jikoni na sufuria katikati ya magoti, akikwangua ukoko kwa patasi.

"Kaka, usiniombe hiki," alisema kabla Yotam hajamaliza. "Ukoko ukibanduka hivi, ndipo namkumbuka Lameck. Unataka nimkumbukie kwenye kijiko?"

Akaenda kwa Tito, mwendo wa nusu saa kwenye matope. Jiriwa lilikuwa limefungwa kwenye mlango wa banda la nguruwe, limekazwa barabara, na lilikuwa linafanya kazi yake vizuri sana.

"Nikilitoa, nguruwe watatoka," Tito alisema. "Utawakimbiza wewe? Mbio za mpira bado unazo?"

"Tito, ni kwa ajili ya mpwa wako."

"Najua. Nami nampenda kuliko unavyodhani. Ila nikuulize kitu kimoja, shemeji. Randa lako umesharudisha?"

Yotam akaacha kulitazama jiriwa.

"Lile," alisema, "ni kumbukumbu."

"Na hili jiriwa ni nini?"

Nyani haoni kundule, waliosema hivyo walikuwa wanamjua Mzee Yotam. Nyumba tatu alizunguka kuwataka watu wafungue mikono, na wake ulikuwa umefumba tangu asubuhi. Alirudi nyumbani hana hamu ya kula. Akakaa chini ya randa, akalitazama kwa muda mrefu. Aliona aibu, aibu ya kweli, lakini hakunyanyuka kulitoa. Lilikuwa zuri mno. Lilikuwa limechongwa na mkono wa kaka yake, na tangu alitundike hapo, kila aliyeingia alimwita mtu mwema.

Kesho yake akaenda kwa Vaileth kukiri kwamba ameshindwa. Alisema yote, ya mifupa, ya ukoko na ya nguruwe. Ya randa hakuyasema.

Vaileth alicheka mpaka akashika meza.

"Baba mdogo, usiwaombe warudishe. Mtu aliyepewa kitu cha marehemu, ukimwomba arudishe, anaona unamnyang'anya marehemu mwenyewe. Waambie Jumamosi waje nacho. Kila mmoja aje na kifaa alichorithi, na kitu kimoja kilichovunjika nyumbani kwake. Nitamtengenezea bure, kwa kifaa chake mwenyewe. Jioni arudi navyo vyote."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Nawe uje, baba mdogo."

Yotam akaona ni mtego, ila hakuweza kusema umetegwa wapi.

Jumamosi ile ndiyo ilikuwa ya mwisho wa mwezi. Lori la saruji lilikuwa linakuja Jumatatu. Asheri alifika kwanza, na msumeno na kigoda cha bucha kilichopasuka. Eliza akaja na patasi kwenye mkoba, na nyuma yake mkokoteni umebeba kitanda cha mninga cha mama yao, mguu mmoja umevunjika na mwingine umeoza kwa chini. Tito akaja na jiriwa begani, limeoshwa lakini bado linanuka banda. Yeye alileta mlango wa banda lenyewe. Nguruwe alikuwa amewafungia kwa kamba, na kila baada ya dakika chache alitazama barabarani.

Vaileth hakumcheka mtu. Alilifunga jiriwa kwenye meza, kwenye matundu yaleyale aliyotoboa baba yake, na lilipokaa vizuri mama yake alitoka jikoni akaja kusimama mlangoni. Akaunoa msumeno kwa tupa, jino moja baada ya jingine, mpaka ukasahau mifupa. Akaisugua patasi kwenye jiwe la kunolea mpaka ikakata unywele wa mkono wa Eliza, na Eliza akasema kumbe miaka miwili alikuwa anakwangulia sufuria kwa kijiti.

Kigoda kikapona kabla ya saa nne. Mlango wa banda ukapona kabla ya saa sita. Ikabaki kazi ya kitanda. Vaileth alikata mguu mpya kutoka kwenye ubao mpana, lakini ubao ulikuwa bado una mikwaruzo ya msumeno, umejaa vijiti, na mguu wa kitanda cha bibi hauwezi kuchoma watu.

"Hapa panataka randa," alisema.

Wote wakageuka kumtazama Mzee Yotam.

Alikuwa amelileta. Alilifunga kwenye kitenge, na tangu asubuhi alikuwa amelipakata bila kulifungua. Akalifungua. Randa lilimeta hata Asheri akapiga mluzi. Tito akasema tangu azaliwe hajaona kifaa kilichotunzwa namna ile, na alisema bila kejeli.

Vaileth akalipokea kwa mikono miwili. Akaligeuza, akajaribu kuitoa kabari ili avute jino alinoe. Kabari haikutikisika. Akaigonga kidogo kwa kipande cha mti. Haikutikisika. Akaliweka usawa wa macho kwenye mwanga wa dirisha, akatazama kwa muda.

"Baba mdogo, ulilipaka nini?"

"Vanishi."

"Mara ngapi?"

"Kila Krismasi," alisema. "Na kila Pasaka."

Vanishi ilikuwa imeingia kwenye kila mwanya. Kabari, jino na mbao vilikuwa vimegandana kuwa kitu kimoja. Msumeno ulikata mifupa, patasi ilikwangua ukoko, jiriwa lilifunga nguruwe, na vyote vilirudi kazini kwa kunolewa na kuoshwa. Kilichotunzwa kwa heshima kuliko vyote ndicho pekee kilichokuwa kimekufa. Hakuna aliyesema hivyo, lakini kila mtu aliliona, na Yotam aliliona kabla yao.

"Haliwezi kupona?" aliuliza.

"Jino linaweza. Nalihisi, ni chuma kizuri. Mwili hauwezi. Lazima upasuliwe ndipo jino litoke."

"Basi pasua."

Vaileth akatikisa kichwa. Akaliweka randa juu ya meza, mbele ya baba yake mdogo.

"Ni lako. Ulipewa mbele ya ukoo. Mimi siwezi."

Yotam alitazama lile randa, akaona mahali ambapo kidole gumba cha Lameck kilichimba kishimo kidogo kwa miaka ya kushika. Kishimo chenyewe kilikuwa kimejaa vanishi. Alikuwa mzee wa miaka sabini na moja, na aliogopa kitu hiki kidogo kuliko alivyowaogopa wale mashabiki kwenye viazi.

"Nipeni nyundo," alisema.

Mama Vaileth akaingia ndani ya nyumba, akarudi nayo. Akampa.

"Mwamuzi," Asheri alisema polepole, "unabatilisha?"

"Nabatilisha. Nilikosea siku ile. Niligawa sawasawa, nikagawa vibaya. Nilimwahidi kaka yangu gereji isigeuke stoo, kisha nikaibeba nikaipeleka kwenye nyumba nne. Mwanangu Vaileth, nisamehe."

Akapiga. Mara ya kwanza hakupiga kwa nguvu, na randa halikusikia. Mara ya pili likapasuka katikati kwa mlio mkavu, na Mzee Yotam akalia mbele ya watu wote, machozi yakashuka mpaka kwenye ndevu, wala hakuyafuta.

Vaileth akaokota jino. Chini ya kabari, mahali ambapo vanishi haikufika, chuma kilikuwa cheupe na bado kina utelezi wa mafuta. Lameck ndiye aliyekipaka, siku ya mwisho aliyofanya kazi. Aliwaonyesha wote, mmoja mmoja, na kila mmoja akakigusa kwa ncha ya kidole.

Kisha akawatazama. "Tuchonge mwili mpya sasa hivi," alisema. "Mguu ule mwingine wa kitanda, uliooza chini, juu bado ni mninga mgumu. Unatosha. Kitanda nitakitia miguu mipya yote."

Mchana wote ule hakuna aliyeenda nyumbani. Asheri alikata kipande kwa msumeno. Tito alikikaza kwenye jiriwa. Eliza alishika patasi ilivyoelekezwa na Vaileth, akaanza kutoboa tundu la jino. Mama alipokezana na Yotam kupiga nyundo. Vaileth alipima kwa futi ya baba yake, akasahihisha, akapima tena. Siku ile ndipo walipogundua kwamba katika vifaa vyao hakuna hata kimoja kilichoweza kutengeneza randa peke yake, na vyote pamoja viliweza.

Saa kumi na moja jioni randa lilikuwa tayari. Halikuwa zuri. Lilikuwa limepinda kidogo kwa nyuma na halikuwa na mng'ao wowote. Vaileth alipanda kwenye jukwaa lake, akalilaza juu ya ule mguu mpya wa kitanda, akasukuma. Likatoka ganda moja jembamba la mbao, refu, likajikunja na kuanguka sakafuni. Mama yake akaliokota, akalinusa, akaenda kusimama dirishani akiwa amewapa mgongo.

Ilipofika saa ya kuondoka, Eliza alichukua patasi yake, akaitia mkobani. Akapiga hatua mbili, akarudi.

"Nina kabati ambalo milango haifungi," alisema. "Jumamosi ijayo nitalileta. Sasa hii naenda nayo wapi?" Akaiweka kwenye rafu.

Asheri akaegemeza msumeno ukutani, akasema bucha itanunua wa kwake. Tito alishafika mbali barabarani, anawawahi nguruwe, na jiriwa lilikuwa limebaki mezani. Mama Vaileth alikwenda kulala bila kuuliza nyundo iko wapi.

Jumatatu lori la saruji likaja. Mfanyabiashara alishuka, akaona maranda yametapakaa sakafuni, kitanda kimesimama kwenye miguu minne mipya, viti viwili na stuli ya jirani vikisubiri zamu nje. Akasalimia, akaomba ufunguo.

"Gereji ina mwenyewe," Mama Vaileth alimwambia. "Utuwie radhi, baba. Nilisema kabla sijaona."

Yule bwana akakunja uso. Akamgeukia Yotam, aliyekuwa ameshika ncha moja ya ubao ambao Vaileth alikuwa akiupiga randa.

"Mzee Yotam, wewe ndiye mkubwa wa ukoo huu. Tena unajulikana Njombe nzima kwamba neno likishatoka halirudi nyuma."

"Ni kweli," Yotam alisema. "Nilikuwa hivyo mpaka Jumamosi."

Akamwomba asogee kidogo asiwazibie mwanga, na kazi ikaendelea.

Funzo: Cha marehemu hakiheshimiwi kwa kung'arishwa ukutani, huheshimiwa kwa kutiwa kazini, na anayetaka wenzake wafungue mikono, aanze kufungua wa kwake, hata kama ni lazima akiri mbele ya watu kwamba alikosea.